Kidude Kinachokumbuka

Katika gazeti letu la shule huandikwa mambo mengi mema: safari za wanafunzi, michezo, mashairi na nasaha za walimu. Mara hii naomba nafasi niandike juu ya kidude kidogo sana, ambacho hata hadubini ya maabara yetu haiwezi kukionyesha. Najua wako watakaosema, "Huyu naye ametuletea Fizikia mpaka gazetini!" Lakini nawasihi wavumilie, maana jambo hili limefika hata nyumbani kwetu, likanikalisha chini na baba yangu tukajadiliana, na ndilo lililoniongoza katika kujaza fomu yangu ya kuchagua masomo ya mbele. Tena nimeona vema niandike kwa Kiswahili, ingawa somo lenyewe twafundishwa kwa Kiingereza, ili wazazi wetu nao wapate kusoma na kuhukumu.

Kwanza yatupasa kujua kompyuta hufanyaje kazi yake. Mwaka 1945 mtaalamu wa hesabu aitwaye John von Neumann, huko Marekani, aliandika taarifa juu ya mashine iliyoitwa EDVAC. Katika taarifa hiyo alieleza mashine yenye sehemu ya kuhesabu na sehemu ya kumbukumbu, na kati ya sehemu hizo mbili mna njia ya kupitisha tarakimu. Takriban kompyuta zote tuzionazo leo, na simu zetu pia, zimejengwa kwa namna hiyo.

Nitatoa mfano wa jikoni. Tuseme mpishi wa shule ana jiko lake, na ghala la chakula liko mbali, ng'ambo ya kiwanja cha mpira. Tena tuseme ameamriwa asichukue zaidi ya kibaba kimoja kwa safari moja. Atakwenda ghalani, atarudi na kibaba cha maharage, atakitia chunguni, kisha atakwenda tena. Hata akiwa hodari namna gani, siku nzima itakwisha njiani, na wanafunzi watakaa bwaloni na sahani zao wakingoja. Kazi ya kupika si kubwa. Kazi kubwa ni mwendo. Ndivyo ilivyo kompyuta. Sehemu ya kuhesabu ina haraka ya ajabu, lakini kila tarakimu lazima iletwe kutoka kumbukumbu, na jibu lirudishwe huko huko. Mwaka 1977 Bwana John Backus, alipokuwa akihutubia baada ya kupewa Tuzo ya Turing, aliipa njia hiyo nyembamba jina la shingo ya chupa ya von Neumann.

Mwendo huo haupotezi wakati tu, wapoteza umeme pia. Mwaka 2014 Bwana Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwa hesabu kwamba kuleta tarakimu kutoka kumbukumbu iliyo nje ya sehemu ya kuhesabu hugharimu umeme zaidi ya mara 100 kuliko kuizidisha tarakimu hiyo yenyewe. Basi fikirini juu ya mashine za siku hizi zinazotambua sura na sauti za watu. Kazi yao ni kuzidisha na kujumlisha mamilioni kwa mamilioni ya tarakimu. Ndiyo maana hujengwa majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yanayokula umeme kama mji.

Sasa tutazame ubongo wa mwanadamu. Mwaka 2009 wataalamu wa Brazili, akiwamo Bibi Suzana Herculano-Houzel, walikadiria kwamba ubongo wa mtu mzima una chembe za neva, yaani neuroni, kama bilioni 86. Na ubongo huo wote hutumia nguvu kama wati 20, sawa na balbu ndogo. Kwa wati hizo 20 mtoto humtambua mama yake, hujifunza lugha, na hukumbuka njia ya kwenda kisimani. Je, siri yake nini? Siri moja ni kwamba katika ubongo ghala haliko mbali na jiko. Mahali neuroni moja inapokutana na nyingine huitwa sinapsi, na sinapsi hiyo hiyo ndiyo inayopitisha habari, ndiyo pia inayoweka kumbukumbu. Ikitumika mara kwa mara hupata nguvu. Mwaka 1949 Bwana Donald Hebb wa Kanada aliandika kitabu akifundisha kwamba kujifunza ni kuimarika kwa viungo hivyo.

Wanafunzi wenzangu watanifahamu upesi nikiwatajia kile kijia kinachokata majani kutoka mabweni kwenda bwaloni. Hakuna mtu aliyekichora. Siku ya kwanza alipita mmoja, majani yakalala kidogo. Wa pili akaona pamelala akapita hapo hapo. Baada ya muhula mmoja pakawa njia, na sasa kila mtu hupita pale bila ya kufikiri. Kijia kile ni njia ya kupitia, na papo hapo ni kumbukumbu ya miguu yote iliyopita. Hata usiku, watu wote wakiwa wamelala, kijia hakisahau. Je, yawezekana kupata kidude cha umeme chenye tabia kama hiyo? Hilo ndilo swali la makala hii.

Katika somo la umeme twajifunza juu ya vitu vinne vinavyopimwa: chaji, mkondo, volteji, na mtiririko wa sumaku. Watu wanne wakipeana mikono, kila mmoja na mwenzake, mikono itapeanwa mara 6. Vivyo hivyo vitu hivi vinne vina jozi 6. Jozi mbili zajulikana kwa maana yao wenyewe: mkondo ni mwendo wa chaji, na volteji ni badiliko la mtiririko wa sumaku. Jozi tatu zina vifaa vyake: kikinzani, ambacho mafundi wa redio hukiita rezista, chaunganisha volteji na mkondo; kapasita yaunganisha chaji na volteji; na koili yaunganisha mtiririko wa sumaku na mkondo. Hesabuni wenyewe: mbili na tatu ni tano. Jozi ya sita, ya chaji na mtiririko wa sumaku, haikuwa na kifaa chake.

Mwaka 1971 Bwana Leon Chua, mwalimu wa uhandisi wa umeme, aliandika kwamba lazima kifaa cha nne kiwepo. Hakuwa amekiona, alikiona kwa hesabu tu. Akakipa jina la memrista, jina lililofumwa kwa maneno mawili ya Kiingereza, moja la kumbukumbu na moja la kikinzani. Maana yake ni hii: kikinzani cha kawaida kikiwa cha omu 100 leo, na kesho ni omu 100. Lakini ukinzani wa memrista hutegemea umeme uliokwisha kupita ndani yake. Umeme ukipita kwa upande mmoja, ukinzani hupungua, na njia huwa nyepesi. Ukirudishwa nyuma, ukinzani huongezeka. Na umeme ukikatwa kabisa, ukinzani hubaki pale pale ulipokuwa, kama kijia chetu usiku.

Maneno ya Bwana Chua yalikaa miaka 37 pasipo mtu kuonyesha kifaa chake. Kisha Mei 2008 wataalamu wanne wa maabara ya kampuni ya HP huko Palo Alto, California, yaani Dmitri Strukov, Gregory Snider, Duncan Stewart na kiongozi wao Stanley Williams, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamekipata. Walichukua utando mwembamba mno wa oksaidi ya titani, wakautia kati ya nyaya mbili za platini. Oksaidi ya titani ni ile ile inayotiwa katika rangi nyeupe za nyumba. Sehemu moja ya utando ilikuwa kamili, nayo hupitisha umeme kwa shida. Sehemu ya pili ilipungukiwa oksijeni, nayo hupitisha umeme kwa urahisi. Pale palipokosekana oksijeni ni kama vishimo vyenye chaji chanya. Ukitia volteji, vishimo husukumwa kuelekea upande wa pili, na sehemu nyepesi hupanuka. Ukigeuza volteji, hurudi. Ukiondoa volteji, hukaa.

Kwa nini hawakukiona watu wa zamani? Kwa kweli walikiona wasikitambue. Kwa mfano, mwaka 1962 Bwana T. W. Hickmott alikwisha kuandika juu ya tando za oksaidi zilizokuwa na tabia ya ajabu ya namna hiyo. Lakini tabia yenyewe ni dhaifu sana kitu kikiwa kinene. Utando ukipunguzwa unene mara 1,000, kutoka kipimo cha maikromita hadi nanomita, tabia hiyo huongezeka mara 1,000,000. Basi ilibidi kungoja mpaka watu wajue kutengeneza vitu vidogo kiasi hicho. Yafaa niseme pia kwamba wako wataalamu waliobisha, wakisema kifaa cha HP si kile hasa alichokitabiri Bwana Chua. Lakini kwamba kiko kidude kinachobadili ukinzani wake na kukumbuka, hilo halina ubishi, na vya namna hiyo vimetengenezwa kwa oksaidi za madini mengi mengine.

Sasa naja kwenye jambo lililonifurahisha kuliko yote, maana ndani yake nilikutana na masomo yetu wenyewe. Chukua nyaya nyingi uzilaze kwa safu kama matuta ya shamba. Juu yake laza nyaya nyingine kwa kuzikata, kama mfumaji wa mkeka anavyopitisha ukindu. Kila zinapokatana, weka memrista moja. Huo ni wavu. Kila memrista imeandikwa ukinzani wake. Kisha tia volteji katika nyaya za safu.

Tuseme memrista ya kwanza ina omu 4, nawe watia volti 2. Kwa kanuni ya Ohm mkondo utakuwa 2 kwa 4, yaani ampea 0.5. Memrista ya pili, iliyo katika waya ule ule wa kushuka, ina omu 2, nawe watia volti 3. Mkondo wake ni ampea 1.5. Mikondo yote miwili yaangukia katika waya mmoja, na kwa kanuni ya Kirchhoff mikondo ikikutana hujumlika. Chini ya waya utapima ampea 2. Je, mmeona yaliyotukia? Nyaya zimezidisha mara mbili na kujumlisha mara moja, na hakuna tarakimu iliyotoka ghalani! Tarakimu zilikuwa pale pale katika ukinzani. Nimechagua namba kubwa ili hesabu iwe nyepesi; katika vidude vya kweli mikondo ni midogo mno. Lakini kanuni ni hiyo hiyo, na wavu wenye safu 1,000 na nyaya 1,000 za kushuka waweza kuzidisha mara 1,000,000 kwa pigo moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni ule waya wa chini unaopokea mkondo wa kila memrista.

Nawaomba wenzangu wanaochukia Fizikia walizingatie hilo. Bwana Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827, alikuwa mwalimu wa shule huko Köln, Ujerumani. Bwana Gustav Kirchhoff alitoa kanuni zake mwaka 1845, alipokuwa bado mwanafunzi wa miaka 21 huko Königsberg. Kanuni hizo mbili, tunazoziandika daftarini huku tukisinzia baada ya chakula cha mchana, ndizo zinazoendesha mashine mpya kabisa za dunia.

Baadhi ya mashine hizo zimekwisha kujaribiwa. Mwaka 2010 watu wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kidude kama hicho chaweza kuongeza na kupunguza nguvu yake kama sinapsi. Mwaka 2015 Bwana Strukov na wenzake, wakati huo wakiwa Santa Barbara, walifundisha wavu wa memrista 12 kwa 12 kutofautisha herufi tatu zilizochorwa kwa vidoa 9 tu. Huenda mtu akacheka: mtoto wa darasa la kwanza anajua zaidi! Lakini mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walitumia nyavu 8, kila moja ina memrista 2,048, zikasoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono na kupata zaidi ya 96 katika kila 100. Na mwaka 2022 kilitangazwa kipande kiitwacho NeuRRAM, kazi ya watu wa Stanford, San Diego na Tsinghua, chenye vidude kama milioni 3, nacho kilisoma tarakimu hizo na kupata 99 katika kila 100. Hatua hizo nne zilichukua miaka 12. Nani atacheka tena?

Lakini sipendi kuwadanganya wasomaji kwa kusifu tu. Vidude hivi vina ila zake. Viwili vilivyotengenezwa siku moja na mkono mmoja havilingani sawasawa. Ukinzani ulioandikwa leo waweza kusogea kidogo kidogo baada ya muda. Kuviandika mara nyingi sana huvichosha. Tena mkondo utokao chini ya wavu lazima ugeuzwe kuwa tarakimu, na vifaa vya kugeuza hula umeme mwingi. Mwaka 2014 kampuni ya HP ilitangaza kwamba itajenga kompyuta kubwa ya namna mpya, na memrista ndizo zilizotarajiwa kuwa kumbukumbu yake. Mfano wa mashine hiyo ulipoonyeshwa mwaka 2017 ulikuwa na kumbukumbu ya kawaida. Kwa upande mwingine, kumbukumbu za namna hii zimekwisha kuingia madukani ndani ya kompyuta ndogo ndogo; Panasonic ya Japani ilianza mwaka 2013. Basi mambo haya ni shamba lililokwisha kufyekwa na kupandwa upande mmoja, na upande wa pili bado ni pori.

Sasa nitaeleza kwa nini mambo haya yananihusu mimi, mtoto wa mkulima.

Kwetu ni wilaya ya Muheza. Chakula chetu na fedha zetu ni mihogo. Iko maradhi ya mihogo iitwayo michirizi ya kahawia, nayo yana historia na nchi yetu, kwani mtaalamu Storey aliyaeleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936, alipokuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, si mbali na kwetu. Ubaya wa maradhi haya ni ujanja wake. Majani huweza kuonekana yana afya, mkulima akafurahi, lakini siku ya kung'oa, mizizi ikipasuliwa, ndani mna uozo mkavu wa rangi ya kahawia. Hailiki, wala hainunuliwi.

Mwaka juzi, nikiwa likizoni, bwana shamba alikuja kijijini na simu yenye programu iitwayo Nuru. Programu hiyo ilitengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani wakishirikiana na watafiti wa kilimo waliopo huku Afrika. Bwana shamba alielekeza simu kwenye jani, ikataja ugonjwa, na wala hapakuwa na mtandao. Mama alishangaa sana. Akamwuliza bwana shamba, "Baba, aliyemo humo ndani alisomea wapi?" Sote tulicheka, lakini mimi nilibaki na swali lile, maana lilikuwa swali zuri. Katika shamba la kwanza simu ilionyesha mimea yenye maradhi, tukaing'oa. Tulipofika shamba la pili, lililo ng'ambo ya mto, simu ilizima. Ilikuwa imekwisha kutembea mashamba mengi tangu asubuhi, na kijiji chetu hakikuwa na umeme wa kuichaji. Bwana shamba akasema atarudi. Lakini ana vijiji vingi, na mvua zikaanza, njia ikakatika. Wakati wa mavuno shamba la pili tulipata magunia mawili tu ya mihogo inayofaa. Mama aliuza mbuzi wake ili mimi nirudi shuleni na mahitaji yangu.

Sisemi kwamba kama simu ile ingekuwa na memrista, shamba lingepona. Sina ushahidi, na mwenye kusoma sayansi haimpasi kusema asichoweza kukithibitisha. Nasema tu kwamba tangu siku ile, nikisikia maneno "mashine inayotumia umeme kidogo", sifikirii miji mikubwa ya ng'ambo. Nafikiria simu moja mkononi mwa bwana shamba mmoja, jua likiwa utosini, na shamba la pili bado halijatazamwa. Watu wa mijini hununua umeme wakitaka. Sisi twauhesabu kama maji ya mtungi. Kwa hiyo mashine yenye kutumia umeme kidogo itawafaa wao, lakini sisi itatufaa zaidi.

Likizo iliyopita nilimweleza baba haya yote. Baba yangu alisoma mpaka darasa la saba, naye ni mtu wa maneno machache. Yeye anataka nikimaliza Kidato cha Nne nichukue mafunzo ya muda mfupi yatakayonipatia mshahara upesi, kwa kuwa wadogo zangu watatu wananifuata. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hivyo vidude visivyoonekana vitatulisha lini?"

Nilimjibu, "Baba, sijui ni lini. Lakini wewe ulipanda mnazi mwaka niliozaliwa, na mtu hupanda mnazi akijua hatakunywa madafu yake mwaka ule."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba mnazi wamtaka mtu awe na mihogo ya kula wakati wa kuungoja. Maneno hayo yalinichoma, kwani ni ya kweli. Tukakubaliana hivi: katika fomu nichague kwanza Fizikia, Kemia na Hesabu za Kidato cha Tano, na pili chuo cha ufundi wa umeme. Nikifaulu vema nitakwenda mbele. Nisipofaulu hivyo, nitajifunza kufunga nyaya za nyumba, kwani vijiji vingi sasa vinapata umeme na mafundi wanatafutwa. Baba aliniambia, "Mimi nimekubali miaka miwili. Wewe kubali kusoma." Sikuona mapatano yaliyo ya haki kuliko hayo.

Wako wenzangu bwenini wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, Wachina na Wajapani, na kwamba sisi kazi yetu ni kungoja vitu vifike dukani. Kwa heshima zote nakataa. Bwana Chua hakuwa na kifaa. Alikuwa na kalamu, karatasi, na jozi 6 za vitu vinne. Kalamu na karatasi tunazo. Tena matatizo yanayohitaji vifaa hivi yako kwetu zaidi kuliko kwao. Mgonjwa akimngoja mtu wa mbali aje amweleze maumivu yake, atangoja sana. Nani atakayeieleza mashine ijue majani ya muhogo wa Muheza, au sauti ya mama asemaye Kibondei na Kiswahili kwa pamoja, kama si sisi?

Sisemi kila mtu awe mtaalamu wa memrista. Mwenye kipaji cha uganga na ashike uganga, na mwenye mkono wa kilimo na alime kwa maarifa. Ninaloomba ni kwamba tusikariri kanuni kama kasuku. Mwalimu wetu wa Fizikia hutuambia kwamba kanuni isiyotumika ni kama jembe jipya lililotundikwa ukutani. Tuombe tupewe betri, nyaya na vikinzani vichache, tujenge wavu mdogo wa safu mbili kwa mbili, tupime wenyewe kama mikondo yajumlika. Nimekwisha kumwomba mwalimu, naye amekubali kwamba Klabu ya Sayansi ifanye jaribio hilo Jumamosi ya tatu ya muhula ujao, baada ya usafi. Vikinzani tutavitoa katika redio mbovu zilizomo stoo. Kila mwenye redio iliyokufa nyumbani aje nayo.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV